Kuachia Sehemu ya Hati ya Madini kwa Hiari Yako

Mtu aliyepewa na dola hati ya kuchimba, akakaa miaka akiilipia na kuilinda, kisha siku moja akachukua kalamu akaandika kwamba sehemu fulani ya alichopewa haihitaji tena, huonekana mbele ya wenzake kama aliyerukwa na akili. Na mimi mwenyewe, katika siku za kwanza nilizoanza kuzisoma ramani za Walikale na Masisi, huku Kivu ya Kaskazini, nilidhani kwamba kujipunguzia mipaka ni amali ya waliofilisika tu. Leo siamini hivyo. Mwongozo huu nakuandikia wewe uliye na hati, au uliye msimamizi wa shirika lenye hati, na kadhalika wewe kiongozi wa ushirika wa wachimbaji unayetaka kumwomba jirani yako mwenye hati akuachie kipande, upate kujua jambo hili hutendekaje kisheria, faida yake i wapi, na mtego wake umetegwa wapi.

Wenye hati za uvumbuzi, zile ambazo sisi huku Kongo twaziita breve na ndugu zetu wa Tanzania huziita hataza, wana desturi inayofanana na hii: mvumbuzi aliyedai mengi mno hurudi kwa msajili akaomba madai yake yabanwe, ili kidogo kitakachobaki kisimame imara mbele ya hakimu. Ulaya, tangu tarehe 13 Desemba 2007, ofisi yao ya hataza hupokea ombi la namna hiyo pahali pamoja, na kilichopunguzwa huhesabiwa kana kwamba hakikupata kutolewa tangu siku ya kwanza. Hati ya madini haina tabia hiyo ya kurudi nyuma. Unachokiachia kilikuwa chako kweli hadi siku waziri alipokiri kuachia kwako. Ada uliyoilipa imekwenda na hairudi, na shimo uliloliacha wazi linabaki katika hesabu yako hata baada ya ardhi yenyewe kuondoka mkononi. Tofauti hii uishike tangu sasa, maana makosa mengi nitakayoyataja huko mbele yametokana na kuisahau.

Sheria inayotuhusu ni ile ya Madini nambari 007/2002 ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa na Sheria nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018. Kwa sheria hiyo nchi yote imekatwakatwa juu ya karatasi katika miraba iliyo sawa, ambayo kila mtu katika kazi hii huiita kare, pande zake zikielekea kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, na kila kare moja ina hektari 84.955. Kare haigawanyiki. Huwezi kuachia nusu ya kare kwa sababu mto Lowa umepita katikati yake, wala robo yake kwa sababu kijiji kimekaa pembeni. Ama unaiachia nzima, ama unabaki nayo nzima. Tena kare zinazounda hati moja shurti ziwe zimegusana, ziwe kipande kimoja kisichokatika. Nimepata kuona rasimu ya tangazo iliyoandikwa kwa haraka na karani mwenye nia njema, ambaye aliziachia kare za katikati kwa kuwa ndiko kwenye watu wengi, akabakiza za kaskazini na za kusini, asitambue kwamba amekikata kipande kuwa visiwa viwili, ilhali sheria haijui visiwa. Rasimu ile ilirudi. Laiti angaliichora kwanza kwa penseli juu ya karatasi ya mraba kama ya watoto wa shule, angaliona kosa kwa dakika moja.

Usichanganye kuachia kwa hiari na kule kuachia kwa kulazimishwa. Sheria ya 2002 ilimtaka mwenye hati ya utafiti aachie nusu ya eneo lake kila anapoihuisha, na wengi walijifunza kwa njia hiyo kwamba nusu ya kitu chaweza kuondoka na kazi isife. Ninalolizungumzia mimi ni lile unalolifanya kabla hujafikiwa na siku ya kuhuisha, wakati wowote utakao, iwe hati yako ni ya utafiti au ya uchimbaji, bila mtu kukushurutisha.

Sasa, kwa nini ufanye hivyo? Nitakupeleka mlima wa Bisie, huko Walikale, kwa sababu hakuna mahali pengine katika wilaya yetu panaposema wazi zaidi. Kasiterite, jiwe litoalo bati, ilipoanza kuchimbwa katika mlima ule, yapata 2002, palikuwa ni msitu mtupu, na aliyetaka kufika alitoka Ndjingala akatembea kwa miguu siku nzima au zaidi, akiwapisha njiani wachukuzi wenye magunia migongoni. Baada ya miaka michache paliota mji wa maturubai, wenye maelfu ya watu, wachimbaji, mama lishe, wauza betri za tochi, na wale wenye mashimo ambao kwa kejeli ya Kikongo huitwa PDG kama wakurugenzi wa makampuni makubwa. Na mzigo ukafika Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya barabara yenyewe ya lami zikaupeleka Goma. Hati ya kwanza ya utafiti iliyoleta fitina ilitolewa 2006, yaani ilitolewa juu ya mlima uliokwisha jaa watu. Karatasi ilisema jambo moja na mlima ukasema jingine, na katikati yao walisimama wanajeshi, ambao hawakuwa wakisoma karatasi wala kuusikiliza mlima. Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wote wa Kivu mbili na Maniema kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, na kusimamisha huko hakukumaliza neno. Mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin, pale Mpama Kaskazini, ulianza kutoa bati mwaka 2019, na jiwe lake lina bati zaidi ya sehemu 4 katika 100, kiwango ambacho migodi mingi ya dunia haikioni hata kwa ndoto, kwani yenyewe huridhika na sehemu moja.

Tazama basi funzo lililojificha katika jiwe hilo. Utajiri wa mgodi umo katika mshipa, na mshipa ni mwembamba. Eneo la hati ni pana kwa sababu ulipoiomba hukujua mshipa umelala wapi. Baada ya kupiga mashine ya kutoboa mwamba na kuujua ulipo, upana ule uliobaki haukuingizii kitu ila gharama na uadui. Mwenye hati mwenye busara huuliza kila mwaka: katika kare hizi, zipi ninazifanyia kazi, zipi nitazifanyia kazi ndani ya miaka 10, na zipi ninazishika kwa wivu tu?

Wivu una bei yake, na bei yenyewe inahesabika. Kwa kiwango kilichowekwa na sheria ya 2002, kila kare ya hati ya uchimbaji ililipiwa ada ya dola 424.78 kwa mwaka, ambayo ukiigawa utaona ni dola 5 kwa hektari. Viwango hurekebishwa, kwa hiyo uliza kile cha mwaka wako kabla ya kupiga hesabu. Tuseme una kare 60. Ada yako kwa kiwango hicho ni dola 25,486.80. Ukiachia kare 14, ambazo ni hektari 1,189 na ushei, utabaki na ada ya dola 19,539.88, na utakuwa umejipunguzia karibu dola 5,947 kila mwaka, mbali na kodi ya mkoa inayohesabiwa kwa hektari. Kwa kampuni kubwa fedha hiyo ni ya mafuta ya jenereta ya siku chache. Kwa shirika dogo la Mubi, ambalo mwenyewe wake anakopa ili alipe kabla ya mwisho wa Machi, hiyo ndiyo tofauti kati ya kubaki na hati na kunyang'anywa hati nzima kwa kutolipa. Na huku kunyang'anywa ndiko kupunguziwa mipaka kubaya kuliko kote, kwa kuwa hakukuachii hata kare moja.

Nimekwambia faida, sasa mtego, na hapa nakuomba usome taratibu. Kare ulizoziachia haziendi kwa yule uliyemkusudia. Zinarudi kwa dola, zinakuwa huru, na Kadasta ya Madini, ambayo wote twaiita CAMI, hupokea maombi kwa utaratibu wa aliyetangulia kufika. Mwenye hati aliyeachia kilima kwa kuwahurumia wachimbaji wa kijiji chake, akidhani kesho yake watakuwa halali, aweza kuamka akakuta kilima kile kimeombwa na mtu wa Kinshasa ambaye hajapata kukanyaga tope la Walikale, lakini ana rafiki anayemjulisha ramani inapobadilika. Wachimbaji watakuwa wametoka kwa mwenye hati waliyemjua, wakaangukia kwa mwenye hati wasiyemjua. Sadaka ya namna hiyo ni heri isitolewe.

Njia ya kuukwepa mtego huu ipo, walakini ina mguu mrefu. Sheria inaruhusu waziri wa madini kutangaza, kwa waraka wake, eneo la uchimbaji wa mikono, lile liitwalo ZEA, mahali ambapo hali ya mwamba au ya uchumi haifai kwa uchimbaji wa viwanda. Na sheria iyo hiyo inakataza eneo hilo kutangazwa juu ya ardhi iliyo chini ya hati inayoishi. Ndiyo kusema kwamba maadamu kare zimo katika hati yako, hata waziri mwenyewe hana njia ya kuwapa wachimbaji. Na dakika ile ile zinapotoka katika hati yako, mtu yeyote ana njia ya kuziomba. Kwa hiyo kazi yote ni kuyafanya mambo mawili yafuatane bila pengo. Kabla hujaweka tangazo la kuachia, ushirika unaokusudiwa uwe umekwisha kujiandikisha na kupata kibali chake, wanachama wawe na kadi za uchimbaji, mkuu wa Divisheni ya Madini na watu wa SAEMAPE, idara ya dola inayowasimamia wachimbaji wa mikono, wawe wamekwisha kuja mahali na kuandika ripoti yao, na barua ya kuomba ZEA, yenye nambari za kare zile zile, iwe imekwisha kufika wizarani na kupigwa mhuri wa kupokelewa. Ndani ya tangazo lako taja barua hiyo kwa nambari na tarehe. Sikwambii kwamba kufanya hivi kunaifunga mikono ya waziri; nakwambia kwamba kunamnyima mtu mwingine udhuru wa kusema hakujua.

Wako wanaosema, na hoja yao ina uzito, kwamba hakuna haja ya kuachia: mwenye hati na wachimbaji wapatane kwa mkataba, wachimbe ndani ya hati, wamuuzie yeye. Rubaya, katika Masisi, walijaribu hivyo. Mwaka 2013 shirika la Bisunzu lenye hati ya milima ile ya koltani lilipatana na ushirika wa wachimbaji uitwao COOPERAMMA kwamba wachimbe na mzigo wote wauzwe kwa shirika. Na ugomvi wa malipo, wa magendo, na wa nani hasa mwenye mlima kwa mila haukukoma, fauka ya ugomvi wa mpaka na hati ya SAKIMA iliyo ubavuni. Tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya imo mikononi mwa waasi wa M23, na mikataba yote imelala. Mimi siulaumu mkataba kwa mambo yaliyoletwa na vita. Lakini nimegundua kwamba mkataba humfanya mwenye hati kuwa mnunuzi wa pekee na mlinzi wa lango kwa pamoja, na ni watu wachache wawezao kuzichukua kazi hizo mbili wasionekane wadhalimu. Kama mshipa wako na mashimo yao viko kare zilizo mbalimbali, achia. Kama viko kare moja, huna budi kupatana, kwa kuwa kare haigawanyiki.

Na ikiwa unaachia, achia kitu. Iko hila ya zamani ya kuwapa watu kilima kilichokwisha kuliwa, au bonde ambalo mashine yako imelithibitisha kuwa tupu, kisha picha ikapigwa na hotuba ikasomwa. Wachimbaji wa Walikale husoma mwamba kwa kidole, na hawakai miezi mitatu juu ya jiwe tupu. Watarudi katika kare zako usiku, na safari hii wakiwa na chuki juu ya njaa.

Tukija katika kuandika tangazo lenyewe, ni karatasi fupi kuliko watu wanavyodhani. Lina jina la mwenye hati, aina ya hati na nambari yake, idadi ya kare zinazoachiwa, na longitudo na latitudo za pembe zote za kipande kinachoondoka, pamoja na za kipande kinachobaki. Ambatanisha ramani. Pembe hizo zitoe katika hati yako ya asili na katika ramani ya CAMI, usizitoe katika simu yako, maana simu ndani ya msitu wa Walikale hukosea hatua nyingi, na ukikosea nusu dakika nzima ya digrii umekwisha kuiachia kare ya jirani. Msomee mtu wa pili nambari hizo kwa sauti, naye afuatishe kwa kidole.

Kabla ya sahihi, tazama nyuma yako. Kama hati iko rehani benki, mwenye rehani lazima aridhie, kwa kuwa unaipunguza dhamana yake. Kama ni shirika, azimio la wenye hisa liandikwe, na usisahau kwamba dola yenyewe ni mwenye hisa katika shirika la uchimbaji, kwa sehemu 5 katika 100 kwa sheria ya 2002 na 10 kwa ile ya 2018. Mwakilishi wake asije akayasikia haya redioni. Kisha liko deni la ardhi. Kuachia hakukuondolei wajibu wa mazingira: mashimo yafukiwe, maji machafu yazuiwe, ndipo uombe hati ya kufunguliwa na wajibu huo kwa kipande kile peke yake. Ukiachia kabla ya kufukia, na mwaka unaofuata mtoto akatumbukia katika shimo lako lililo sasa katika ardhi ya mwingine, hutaweza kusema ardhi si yako.

Watu wa kijiji nao wana hesabu yao. Mrabaha wa madini, kwa sheria ya sasa, hugawanywa hivi: sehemu 50 katika 100 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa sekta au usultani unaochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na fauka ya hayo mwenye hati anatoa katika mapato yake sehemu 0.3 katika 100 kwa maendeleo ya jamii zilizo ndani ya mradi. Ukiondoa kare zilizo chini ya mwami mmoja, yaani chifu wa mila, ukabakiza zilizo chini ya mwingine, umebadilisha ni nani anayeulizwa na ni nani anayelipwa, hata kama wewe ulidhani unachora mstari tu. Nenda kwa mwami kwanza, na uende kwa miguu yako, si kwa barua; ukae, ule alichopika, ueleze kwa Kiswahili na si kwa Kifaransa, kisha urudi mara ya pili kusikiliza jibu, kwani jibu la siku ya kwanza aghalabu huwa ni la adabu tu. Ikiwa kipande unachokiachia kinapakana na hifadhi ya Maiko au ya Kahuzi-Biega, wape habari wasimamizi wake pia, maana wachimbaji watakaoingia hawataujua mpaka wa hifadhi kama ulivyoujua wewe.

Tangazo huwekwa CAMI, na waziri ndiye aliyepewa kukiri. Zamani ungalipita ofisi ya Goma. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, karatasi ipeleke Kinshasa kwa mkono wa mtu unayemwamini, na arudi na stakabadhi yenye tarehe na saa. Tarehe uichague kwa makusudi: tangazo lililokiriwa kabla ya siku ya ada hukupunguzia ada ya mwaka ule, na lililochelewa kwa juma moja hukulipisha mwaka mzima kwa kare ulizokwisha kuziaga. Wala usiandike tangazo la kuachia kwa sababu ya hofu ya wiki moja. Machi 2025 waasi walipokuwa wakiukaribia mji wa Walikale, mgodi wa Bisie ulisimama, na kabla ya katikati ya Aprili kazi ilikuwa imeanza tena. Aliyeachia katika majuma yale angaliachia daima kwa sababu ya jambo la siku chache. Sheria ina mlango wake kwa ajili ya nguvu zisizozuilika, na mlango huo huisimamisha miadi bila kukunyang'anya ardhi.

Ukisha kupata ukiri wa waziri, omba cheti kipya chenye eneo jipya, na uhakikishe kwamba ramani ya CAMI imebadilishwa, maana cheti na ramani vikipingana, jirani atashika kile kinachomfaa. Kisha panga safari ya kuhamisha nguzo za mpaka. Ingia msituni Juni au Julai, mvua inapopungua kidogo, ukiwa na mpimaji, wazee wawili wa kila kijiji, na mjumbe wa ushirika. Nguzo za zamani zing'olewe mbele ya macho yao, zisiachwe zikadanganya watu. Nguzo mpya zijengwe kwa saruji, kwani bati la kibao halimalizi mwezi kabla halijawa paa la kibanda cha mtu. Na nambari ya hati ichongwe ndani ya saruji ingali mbichi, na chini yake, kwa Kiswahili, maneno yanayosema upande huu ni wa nani na upande ule ni wa nani.